Wimbo uliofika Muscat bila mwimbaji

Shangazi wa mpwa wangu, binti mwimbaji, alipiga simu kutoka Muscat usiku, na hakusubiri salamu ziishe. "Marahaba mwanangu, marahaba. Bit nimeisikia, nzuri. Sasa wewe unaimba saa ngapi?"

Mpwa wangu alidhani anataniwa. Wimbo wenyewe una dakika 4 kasoro, na yeye anaanza kuimba mapema kabisa, hapumziki ila pale katikati gitaa linapomjibu. Akautuma tena. Jibu likarudi lile lile: ngoma ipo, kinanda kipo, gitaa lipo, na huko nyuma kabisa kuna kitu "kama mtu anaimba ndani ya kisima". Mwimbaji hayupo.

Tulihangaika na jambo hili siku 9, na karibu kila tulichokishuku siku za mwanzo hakikuwa chenyewe. Ndiyo maana nimeona nikiandike kisa chote, pamoja na sehemu inayonihusu mimi, ambayo nitaikiri ikifika zamu yake.

Wako wawili, mtu na kaka yake, wanakaa Ngamiani, Tanga. Kaka anatengeneza bit, yaani ala za wimbo, kwa FL Studio, programu ya Wabelgiji ambayo mafundi wengi wa bongo fleva wameanzia humo. Dada anaimba, na sauti anayo. Amekulia mji wa Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya taarabu, kwa hiyo hata akiimba bongo fleva utasikia taarabu inachungulia kwenye mwisho wa kila mstari. Kompyuta ni ya mezani, ya mtumba, nyuma ina matundu matatu ya sauti: la waridi la maiki, la kijani la spika, la buluu la kuingizia sauti inayotoka kwenye chombo kingine. Studio ni chumba cha kulala. Godoro limesimamishwa ukutani, mashuka yametundikwa dirishani, feni imezimwa, na kazi inafanyika usiku bodaboda zikishapungua.

Kwa kuwa kazi yangu ni kufunga muziki kwenye shughuli, nilipoitwa nilikwenda nikiwa na jibu langu tayari mfukoni: chumba. Wengi wanaojirekodia nyumbani huangukia hapo, sauti inagonga kuta na kurudi, unapata wimbo ulioimbiwa bafuni. Nilivaa hedifoni nikasikiliza sauti peke yake, bila bit. Chumba hakikuwa na kosa. Sauti kavu, ya karibu, hata pumzi kabla ya neno unaisikia. Mambo ya magodoro yameshaandikwa mno, na hapa hayakuhusika, basi niyaache.

Safari ya sauti ilikuwa hivi: maiki ya waya, inaingia kwenye miksa, chombo cha kuchanganyia sauti, ndogo ya chaneli 4, inatoka humo kwa waya wenye jeki (kichwa cha kuchomeka) kubwa upande mmoja na jeki ndogo upande wa pili, inaingia tundu la buluu, inarekodiwa na Audacity, programu ya bure. Ikishapatikana nzuri, faili linapelekwa FL Studio na kuwekwa juu ya bit. Zilirekodiwa sauti 11 kwa jumla, ukihesabu ya kuongoza na za kiitikio. Zote kwa njia hiyo hiyo.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa simu ya shangazi. Kaka mtu ndiye aliyemwambia, kwa heshima zake zote: "Shangazi, samahani, pengine hiyo simu yako spika imechoka." Shangazi akaitikia kwa upole unaotisha. "Haya baba. Ngoja niazime ya jirani." Baada ya dakika 10 akaandika: kwa jirani pia mwimbaji hayupo.

Mshukiwa wa pili WhatsApp. Hili lina akili, maana huwa inabana sauti na picha. Wakautuma wimbo kama dokumenti, faili zima bila kubanwa. Hali ile ile. Halafu wakaushuku mwangwi, kwamba kaka amemimina mno. Akaupunguza, na sauti ikawa hafifu zaidi huko Muscat. Kinyume na matarajio! Hilo lingetushtua mapema kama tungekuwa na utulivu, lakini kufikia hapo kila mtu alikuwa ameshakasirika. Mwisho wakaishuku maiki, na hapa ndipo fedha ilipotaka kupotea: kaka alikuwa ameanza kuchanga anunue maiki ya kondensa. Nilimwomba asubiri hadi Jumapili.

Aliyetutoa gizani ni mwimbaji mwenyewe. Wakati sisi wanaume wawili tunabishana juu ya maiki, yeye alizunguka mtaani na wimbo wake, akiomba watu wauchezeshe kwenye chochote walichonacho, na nyuma ya daftari akaandika nani kasikia na nani hakusikia. Hedifoni: anasikika, vizuri sana. Spika mbili za kompyuta: anasikika, lakini sauti nyembamba. Gari la rafiki wa kaka: anasikika, nyembamba. Spika moja ya bluetooth ya muuza chipsi: hayupo. Simu ya mama yake bila hedifoni: hayupo. Simu ya kaka yake mwenyewe bila hedifoni, ambayo hakuna aliyefikiria kuijaribu wiki nzima: hayupo.

Akanionyesha lile daftari akasema, "Mjomba, mimi naona penye spika mbili nipo, penye spika moja sipo."

Hapo nikakumbuka harusi moja ya miaka ya nyuma. Tulichomeka simu kwenye miksa ya ukumbini tupige wimbo wa kumwingiza bibi harusi, na mwimbaji akatoweka. Vyombo vinalia safi, sauti ya mtu hakuna. Watu wakadhani tumeweka karaoke kusudi, wakaimba wenyewe, shughuli ikapendeza. Nilichomoa waya, nikachomeka mwingine, mwimbaji akarudi, na sikujiuliza tena. Fundi asiyejiuliza hulipishwa baadaye, mimi nimelipishwa Ngamiani.

Tulifungua Audacity. Sauti ya stirio huonyeshwa kwa michoro miwili, kushoto juu na kulia chini. Kwa mbali ile miwili ilifanana kama pacha. Nikaanza kuvuta karibu, karibu, karibu zaidi, mpaka neno likawa silabi, silabi ikawa irabu moja, na irabu ikawa mstari mmoja unaopanda na kushuka. Pale ndipo tulipoona. Kila mstari wa juu ulipopanda, wa chini ulishuka. Juu kilele, chini bonde, kwa urefu ule ule, kama minazi ya ufukweni na taswira yake majini. Ukichukua nukta moja tu ya wakati, kushoto inasoma 0.4 juu ya sifuri, kulia inasoma 0.4 chini ya sifuri. Jumlisha.

Na kujumlisha ndiko hasa simu yenye spika moja inakofanya. Haina kushoto na kulia, kwa hiyo inachanganya njia mbili ziwe moja. Bit ilibaki kwa sababu ilitengenezwa ndani ya kompyuta, kushoto na kulia zake zinakwenda pamoja. Sauti ya binti yetu ilikuwa kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu ndani yule nje, nguvu sawasawa: mlango hauendi popote. Yule mtu wa kisimani ambaye shangazi alimsikia ni mwangwi. Programu haitengenezi mwangwi wa kushoto sawa na wa kulia, wenyewe kwa wenyewe haukufutana, ukabaki unaelea bila mwenyewe. Ndiyo maana kaka alipopunguza mwangwi, dada akapotea zaidi: alikuwa anafuta kile kidogo kilichosalia kwake.

Kwenye redio ingekuwa hivyo hivyo, na walikuwa wanajiandaa kumpelekea mtangazaji mmoja. Kituo cha FM cha stirio hurusha jumla ya kushoto na kulia kama mzigo mkuu, na tofauti yao huisafirisha pembeni, kwenye wimbi saidizi la kilohezi 38. Redio ndogo ya spika moja huchukua ule mzigo mkuu tu. Wimbo ungekwenda hewani na nusu ya mji ungesikia ala tupu.

Sasa waya. Chukua waya ule wenye jeki kubwa uutazame kichwani. Utaona chuma kimekatwa na vipete viwili vyeusi, kwa hiyo kuna sehemu tatu: ncha, pete ya kati, na shina. Jeki hiyo moja ina kazi mbili tofauti kabisa, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwenye hedifoni, ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ardhi, yaani njia ya umeme kurudi. Kwenye miksa, tundu la kutolea sauti hutumia vipande hivyo hivyo kwa jambo jingine: ncha inabeba sauti, pete inabeba sauti ile ile iliyogeuzwa juu chini, shina ni ardhi. Kusudi lake ni zuri. Waya ukipita karibu na nyaya za umeme huokota mngurumo, na mngurumo unaingia kwenye nyuzi zote mbili kwa namna moja. Chombo kinachopokea huugeuza ule uzi wa pili urudi sawa, kisha hujumlisha. Sauti inakuwa mara mbili, mngurumo unajifuta. Ndiyo siri ya nyaya ndefu za ukumbini kukaa kimya.

Lakini tundu la buluu la kompyuta haliijui habari hiyo. Lenyewe linajua hedifoni tu: ncha kushoto, pete kulia. Likaandika sauti ya kawaida kushoto na iliyogeuzwa kulia, kwa uaminifu kabisa. Kule harusini ilikuwa safari ile ile kinyumenyume: simu ilitoa kushoto na kulia, tundu la miksa likadhani ni sauti na iliyogeuzwa, likatoa moja katika nyingine. Kwenye nyimbo nyingi mwimbaji huwekwa katikati, sawa pande zote mbili, kwa hiyo ndiye wa kwanza kufutika. Zile programu za zamani za kuondoa sauti ya mwimbaji zilifanya hesabu hiyo hiyo tu.

Miksa nyingine za bei nafuu haziweki sauti yoyote kwenye pete. Ungechomeka waya huu, ungesikia upande wa kushoto tu na ungejua siku ya kwanza kuna kosa. Hii yetu imetengenezwa vizuri zaidi, na uzuri wake ukatuponza.

Ungamo langu ni hili: miksa ilikuwa yangu. Na waya niliutoa mimi, kwenye kikapu cha nyaya, nikamkabidhi kijana nikisema "huu unafaa". Jeki inaingia, sauti inatoka, nani atauliza?

Lililonikaa zaidi rohoni ni jambo jingine. Kaka mtu alisikia kwamba sauti ina kitu, tangu usiku wa kwanza. Alinieleza mwenyewe: kwenye hedifoni sauti ya dada yake haikukaa katikati ya kichwa kama kawaida, ilikuwa pande zote, pana, haina mahali. Akaipenda. Akasema ndiyo hiyo sauti ya studio kubwa. Mtu anayejirekodia chumbani, peke yake, usiku, baada ya kusikiliza wimbo mmoja mara 200, anatamani sana kazi yake ifanane na za wakubwa, na kosa likija limevaa nguo za ubora hulikaribisha ndani. Studio ya kulipia angalau kuna mtu wa pili kwenye kiti, tena asiye ndugu. Hapa mtu wa pili alikuwa Muscat, na alipozungumza tukamwambia simu yake mbovu.

Mbaya zaidi, kosa lilizaa watoto. Kwenye spika mbili za mezani sauti ilikuwa nyembamba, kwa sababu mawimbi marefu ya chini kutoka spika zilizokaribiana yalikuwa yanafutana hewani kabla ya kufika sikioni. Kaka akaongeza besi kwenye sauti ya dada. Haikutosha, akaongeza tena. Mwimbaji alipoonekana yuko mbali, akampandisha juu ya bit. Alipoonekana anaelea, akamtia mwangwi wa kumshikilia. Kila hatua ilikuwa na mantiki yake.

Kutengeneza chanzo kulichukua dakika zisizozidi 20. Tulikuwa tayari kurekodi upya sauti zote 11, na mwimbaji alishaanza kunywa tangawizi. Haikuhitajika hata moja. Ndani ya Audacity unatenganisha stirio iwe njia mbili, unaugeuza ule mchoro wa chini juu chini, unazishusha sauti zote mbili kidogo zisije zikapasuka, kisha unaziunganisha ziwe mono, yaani njia moja. Unaweza pia kufuta upande mmoja na kubaki na mwingine, inatosha. Lakini njia ya kugeuza ilitupa zawadi ambayo sikuitegemea: kulikuwa na mngurumo mdogo wa umeme chini ya sauti, kaka alikuwa amekata tamaa nao, na baada ya kugeuza na kujumlisha ukatulia karibu wote. Kompyuta ilikuwa imefanya kwa hesabu kazi ambayo tundu la kupokelea lilipaswa kuifanya kwa umeme. Tulicheka, nakwambia.

Kicheko kiliisha tuliporudisha sauti zilizopona kwenye mradi wa FL Studio. Besi zote alizoongeza zikaamka. Binti wa miaka 19 akawa anaimba kama mzee anayetoa nasaha msibani. Ilibidi kuvua kila kitu: besi, mwangwi, upana, kiwango cha sauti, kubaki na sauti tupu na bit tupu, kuanza upya. Usiku mbili. Kijana alinuna usiku wa kwanza, maana alikuwa anatupa kazi ya wiki 3, na hakuna mchezo wa maneno unaoweza kulainisha hilo.

Juu ya upana tulibishana kweli. Mimi nilitaka sauti ya katikati, basi. Yeye alisema kiitikio kisipotanuka wimbo haufunguki, na nikakubali kwamba sikio lake kwenye hilo ni jipya kuliko langu. Tukapata njia ya halali: dada akaimba kiitikio mara mbili, mara mbili kweli, wala si kunakili faili, mmoja ukapelekwa kushoto na mwingine kulia. Binadamu hawezi kuimba mstari mara mbili sawasawa, pumzi inatofautiana, irabu inachelewa kidogo, kwa hiyo hata simu ikizijumlisha haziwezi kufutana. Zinanenepeana tu. Kwa kiitikio hicho tuliacha ule waya. Miksa ina matundu ya pembeni, jekundu na jeupe, yaliyowekwa kwa ajili ya deki; tukachukua waya wa deki ya DVD iliyokufa zamani, ukaenda mpaka tundu la buluu. Kushoto ni kushoto na kulia ni kulia, hakuna kilichogeuzwa.

Kisha likaja suala la wimbo ulioshaondoka nyumbani. Kwenye maduka ya muziki kama Boomplay ulikuwa bado kwenye foleni ya msambazaji, tukauzuia na kupeleka faili jipya. YouTube haina ruhusa ya kubadilisha faili la video iliyokwisha kupanda: ama unaiacha, ama unapandisha nyingine na kuanza hesabu ya watazamaji toka sifuri. Mpwa wangu alikaa nayo siku nzima. Kulikuwa na maoni ya watu wa kwanza kabisa kumsifu maishani, wale wa hedifoni, na akiifuta yanaondoka nayo. Akaificha bila kuifuta, akapandisha mpya. Ningekuwa mimi ningefuta, ila mimi sikuandikiwa maoni yale.

WhatsApp ndiko hakurudiki. Nakala ya zamani ilishasambazwa kwenye makundi ya ukoo, na juzi tu nimewapita watoto wa jirani barazani wanaiimbia juu yake kwa simu, kila mmoja na mashairi yake. Wao wanaamini ni bit.

Siku hizi kabla wimbo haujatoka, kaka anauchezesha kwenye simu ya mama yao, bila hedifoni, ikiwa juu ya meza ya jikoni sufuria inachemka. Ule waya nimeufunga plasta nyekundu nikautundika msumarini. Sijautupa kwa kuwa ni waya mzima, mahali pake ni kati ya tundu kubwa la hedifoni na chombo chenye tundu dogo la stirio.

Nakala mpya tulimtumia shangazi alasiri. Hakujibu. Magharibi ikapita. Baada ya Isha zikaingia jumbe mbili za sauti, ya kwanza fupi: "Haya, sasa nimemsikia mwanangu. Mashaallah." Ya pili ilikuwa ya dakika nzima, na yote ilihusu ubeti wa pili, kwamba pumzi imemkatikia kabla ya neno la mwisho na kwamba marehemu bibi yake asingeliachia.

Mpwa wangu aliisikiliza mara mbili, akavua hedifoni, akamwambia kaka yake asimamishe godoro.